Ute wa Yai

Sabini na tisa, sabini na tisa, thelathini na nane.

Ketaki alizisoma namba zile kwenye kompyuta, akazisoma tena, kisha akasukuma kiti nyuma. Kinywani bado alikuwa na utamu wa jalebi, andazi la shira alilolishwa asubuhi, sukari imemganda kwenye meno, na sasa hata sukari ile ilimchefua.

"Rudia," alisema.

"Nimerudia mara tatu, mwanangu," alijibu Vimal Tai, dada mkubwa kwa wote pale, mama wa makamo aliyekuwa akiuendesha mwali ule wa eksirei tangu mtambo ulipowashwa hapa Indore. "Fuwele ya kwanza, ya pili, ya tatu. Namba ni zilezile. Macho yangu yamechoka, lakini hayajapofuka."

Kila protini ikiganda ikawa fuwele huwa na vipimo vyake, na ukiipiga eksirei vipimo hivyo hujitokeza. Hivi vya leo watu wa kazi hii wanavijua hata usingizini, maana ni vya ute wa yai la kuku. Ndizo fuwele wanazofundishia wanafunzi wapya, ndizo wanazojaribia mwali kabla wageni hawajafika. Ketaki hakuleta yai. Alileta protini ya kijidudu cha kifua kikuu, aliyoibembeleza miaka mitatu kule Pune mpaka ikakubali kuganda. Alipata fuwele sita tu, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Akazivua moja moja kwa kitanzi cha uzi kwenye ncha ya kijiti, akazizamisha katika nitrojeni ya baridi kali, akasafiri usiku kucha ameipakata chupa yake. Na sasa kompyuta inamwambia alichopakata ni yai!

"Ketu." Mkono ulitua begani kwake. "Ketu wangu, pole sana."

Huyo ndiye Nachiket Dighe, msimamizi wa mwali, mchumba wake wa miaka miwili. Kijana mtanashati, nywele zimelala kwa mafuta, kila alipopita aliacha harufu ya karafuu aliyozoea kuitafuna. Asubuhi alikuwa amekuja na poha, mchele uliopondwa na kukaangwa, na jalebi za moto, akamlisha Ketaki kwa vidole vyake mwenyewe mbele ya Vimal Tai, na Ketaki alicheka kwa aibu, moyo umemjaa. Alimpenda. Tuseme ukweli, alimpenda mpaka akawa haoni.

"Wala usijilaumu," Nachiket aliendelea kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya kubembeleza. "Yamewakuta wengi. Ulipokuwa unawapasua bakteria ili utoe protini yako, si uliwatilia ule unga wa ute wa yai? Basi unga ukabaki humo humo. Protini yako haijaganda, ulichogandisha ni unga. Namjua profesa mzima, mvi kichwani, alijidanganya hivyohivyo miaka miwili."

"Miaka mitatu," Ketaki alisema. "Nimelea yai miaka mitatu?"

"Shh. Imekwisha." Alimfuta shavu kwa kidole gumba, na kidole kilikuwa bado kinanata. "Tarehe kumi na nne hii hapa inakuja. Utavaa sari yako ya kijani, utasahau haya yote. Na Aai atafurahi, amekuwa akikusubiri nyumbani."

Aai, mama yake Nachiket, hakuwahi kuficha mawazo yake. Tangu siku ya kuvishana pete alisema waziwazi kwamba mke wa mwanawe hawezi kukaa Pune na vijidudu vya kifua kikuu huku mume yuko Indore anakula kwenye kantini. Maneno yalikuwa mengi, nyumba zikataka kugombana, mpaka baba yake Ketaki akakata shauri: binti aende kwenye mwali mara hii moja. Akirudi na data, harusi itasubiri mpaka amalize shahada yake ya uzamivu. Akirudi mikono mitupu, anaacha masomo, anaolewa tarehe kumi na nne. Na mwali wenyewe ulikuwa unazimwa leo saa saba mchana, matengenezo ya miezi miwili. Hakukuwa na siku nyingine.

Ketaki alijitazama mikono. Alijichukia. Aliwaona wenzake wa Pune wakiziba midomo, aliwaza jinsi watakavyomwita Mama Yai mpaka anazeeka. Aliinuka kwenda kunawa, akafika nusu ya njia, akasimama.

"Unga gani?" aliuliza.

"Eeh?"

"Umesema unga wa ute wa yai. Mimi sijawahi kutia unga huo."

Nachiket alitabasamu. "Ketu, kila mtu anautia."

"Kila mtu, si mimi. Nilimwapia bibi yangu. Aliponiruhusu kwenda kusoma alinishika mkono akasema, nenda mjukuu wangu, ila mikono hii isiguse yai. Kwetu yai haliingii nyumbani, wala kwenu haliingii, unajua. Nikamwapia. Miaka mitatu wenzangu wanatia unga wao nusu saa wamemaliza, mimi nawapasua bakteria kwa ile mashine ya sauti, inapiga kelele masikio yanataka kutoka damu. Hakuna tone la yai lililowahi kugusa meza yangu, Nachiket. Hata moja."

Roboti ya kushika vijiti, ndani ya chumba cha mwali, ilihema, ikamwaga moshi mweupe wa baridi.

"Hukuniambia," Nachiket alisema.

"Nilikuambia siku ya pete. Ulikuwa unatazama simu, ukaitikia 'mm'."

Vimal Tai aligeuza kiti chake taratibu. "Hebu ngoja," alisema. "Jana jioni, bwana mkubwa, nilikuona kabatini unachukua fuwele za yai. Nikasema moyoni, huyu anajaribu mwali. Lakini ulichukua sita. Mwali unajaribiwa kwa moja. Sita za nini?"

"Tai, haya hayakuhusu."

"Yananihusu! Mwali huu mimi ndiye ninayeukalia."

Ketaki alikuwa amekumbuka tayari. Jana alipofika amechoka na safari, Nachiket aliipokea chupa mikononi mwake. Nenda kapumzike, mpenzi, nitakupangia vijiti vyako kwenye sahani ya roboti mwenyewe. Na yeye akaenda akalala, tena alilala akitabasamu! Damu ilimpanda masikioni.

"Fuwele zangu ziko wapi?"

"Ketu, tuongee nje."

"Ziko wapi?"

"Ziko salama!" Alinyoosha mikono yote miwili. "Mimi si mnyama. Ziko kwenye chupa yangu, kwenye baridi, zote sita. Unadhani ningeziua? Najua zilivyokugharimu. Nilikuwa nakuwekea tu."

"Unaniwekea."

"Mpaka tuoane. Ungekuja nyumbani, ungetulia, Aai angekuzoea. Halafu siku moja, labda siku yako ya kuzaliwa, ningekuambia Ketu, fumba macho." Na hapo, wallahi, macho yake yaling'aa kwa machozi, maana yeye mwenyewe aliiona picha ile na ikampendeza. "Ningekupa data yako yote, imekusanywa, imepangwa, jina lako juu. Zawadi kutoka kwangu. Ungelia kwa furaha."

Kuna mambo mtu akitendewa anakasirika, na hasira ni nafuu, ina moto wake. Ketaki hakupata hasira. Alichopata ni kinyaa. Kilianzia kwenye midomo, pale vidole vile vilipopita asubuhi vikimlisha, kikashuka kooni, kikakaa. Alimwona vizuri kwa mara ya kwanza: midomo yenye unyevu wa karafuu, chembe ya jalebi iliyokauka kwenye kona, mikono laini iliyojua jana usiku ilichofanya na leo ikamfuta machozi. Alifuta mdomo wake kwa kiganja, akafuta tena, ngozi ikamwuma.

"Ulinilisha," alisema. "Ulijua, na ukanilisha."

"Kwa sababu nakupenda."

"Usinishike."

"Nimekushika wapi?"

"Umenyanyua mkono. Ushushe."

Aliushusha. Ketaki akageuka kwa yule mama. "Vimal Tai, ziko fuwele sita kwenye chupa yake. Saa ngapi sasa?"

"Saa sita kasoro kumi." Vimal Tai alikuwa ameshainuka, anavaa glavu za baridi. "Fuwele moja dakika kumi, na kuzihamisha. Tano tunazipata, sita tukikimbia. Chupa yake naijua, imeandikwa jina lake kwa wino mwekundu utadhani ya dhahabu."

"Tai, ukiigusa chupa yangu nitaandika ripoti," Nachiket alisema.

"Andika, baba. Nimebakiza miaka minne nistaafu, nilikuwa nakosa cha kusoma." Akaenda zake.

Alirudi nayo, ikifuka moshi. Ketaki alizamisha koleo kwenye nitrojeni, akasubiri mpaka ilipoacha kutokota, maana koleo lenye joto likigusa kijiti fuwele imekufa papo hapo. Mkono ulitulia. Hata yeye alishangaa. Alitoa cha kwanza, akasoma mwandiko wake mwenyewe kwenye shingo ya kijiti, herufi ndogo za kubanana. Wangu. Akakihamishia kwenye sahani ya roboti, cha pili, cha tatu.

Alipoinua kichwa, Nachiket hakuwa pale alipokuwa.

Alikuwa ndani ya chumba cha mwali. Amesimama katikati, kati ya roboti na lile bamba la kupokea picha, amekunja mikono kifuani.

"Nachiket, toka," Vimal Tai alisema.

"Sitoki."

Mwali ule ukimpiga mtu unaua, kwa hiyo mlango wa chumba haufungiki ovyo. Anayefunga lazima kwanza aingie, azunguke, abonyeze vitufe kwenye kila pembe kuthibitisha hakuna mtu, ndipo afunge na eksirei ikubali kuwaka. Mtu mmoja akisimama ndani, kazi hakuna. Nachiket aliyajua haya kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni.

"Sina haja ya kugombana," alisema kutoka mle ndani. "Nataka unisikilize tu. Ahidi kwamba haya yanaishia hapa, harusi iko palepale, nami nitatoka sasa hivi na nitakupigia data mwenyewe. Nitakupigia nzuri kuliko huyu mama. Usipoahidi, tutakaa hivi mpaka saa saba."

"Unanitishia na saa?"

"Nakupigania! Mwanaume mwingine angekuacha uende zako Pune. Mimi nimesimama hapa. Huoni mapenzi hayo?"

"Naona," Ketaki alisema. "Nataka kutapika."

"Maneno makali hayo, Ketu. Utayajutia."

"Ningekuta una mwanamke ningelia, Nachiket. Ungenipiga ningekimbia. Hili hata jina sina. Umechukua kazi ya mikono yangu ukaificha, ukaniacha nijione mjinga, ukakaa pembeni kunifariji. Na umefurahi! Nilikuona. Nilipokuwa naumia wewe ulikuwa unafurahi kunishika bega."

Dakika zilikwenda. Saa sita na kumi. Saa sita na robo. Vimal Tai alimtukana kwa Kimarathi cha sokoni, tusi moja refu lenye shangazi ndani yake, na Nachiket hakusogea. Ketaki alisimama mlangoni akahisi jambo baya linamnyemelea: angeweza kuahidi. Neno moja tu, aipate data, kisha amgeuke. Lakini ulimi ulikataa kulitamka jina lile kwa upole, hata kwa uongo.

Badala yake alitoa simu, akafungua sauti isikike na wote.

Baba yake, mzee Bapat, alipokea kabla haijaita mara ya pili. Alikuwa mkuu wa stesheni ya Ratlam miaka thelathini kabla ya kustaafu, na simu kwake ilikuwa bado kitu cha kupokelewa upesi.

"Ketu, mwanangu, usilie," alianza palepale. "Kazi ndiyo ilivyo. Nachiket kanieleza yote, data imeharibika, haikuwa protini yako. Nimeshasema na watu wa ukumbi."

"Baba, nisikilize. Nachiket alizibadilisha fuwele zangu. Alizificha, akaweka za yai. Amekiri. Sasa amesimama ndani ya chumba cha mwali ili nisiweze kufanya kazi, mpaka niahidi kuolewa."

Mzee alishusha pumzi. "Mwanangu, hayo ni maneno mazito. Kijana wa watu. Una uchungu, naelewa, lakini usimtupie mwenzako."

"Ketu ana mshtuko, Baba!" Nachiket alipaza sauti. "Namaskar. Mimi nipo hapa. Hajalala vizuri, amechanganyikiwa tu. Tutayamaliza wenyewe."

Ketaki alifumba macho. Hata hapa. Hata mbele ya baba yake.

"Namaskar, kijana," mzee alisema. "Nikuulize kitu kidogo, tabia ya kazi yangu ya zamani. Hizo picha za eksirei, ya kwanza mmepiga saa ngapi leo?"

Vimal Tai alisogea kwenye kompyuta. "Saa tatu na dakika tano, mzee. Imeandikwa hapa, haifutiki."

"Saa tatu na dakika tano."

"Ndiyo."

"Na kabla ya picha hiyo, kuna mtu duniani angeweza kujua ni yai?"

"Hakuna, mzee. Labda aliyeliweka."

Kwenye simu kiti kilisikika kikisukumwa nyuma.

"Kijana," mzee Bapat alisema, na sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu aliyesimama kwenye jukwaa la stesheni na bendera mkononi. "Ulinipigia saa moja na dakika arobaini. Nilikuwa namimina chai. Ukaniambia data imeharibika, niendelee na ukumbi. Miaka thelathini nimepokea taarifa za ajali. Sijapata kuona mtu anaripoti ajali kabla treni haijaondoka."

"Baba, ni kwa upendo. Naapa, ni kwa—"

"Sikukuuliza sababu. Toka hapo ndani. Binti yangu ana kazi."

Nachiket alitazama simu, akamtazama Ketaki, akimsubiri alainike. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonewa. Huo ndio uliomchefua Ketaki kuliko yote: uso ule, hata sasa, ulikuwa unadai pole. Alisogea pembeni kumpisha, akabana sari isiguswe hata na upindo wa suruali yake. Nachiket alipita. Harufu ya karafuu ilibaki mlangoni kidogo, kisha ikaisha.

"Amekwenda?" mzee aliuliza.

"Amekwenda, Baba."

"Basi nitakaa kwenye simu. Sitasema kitu. Wewe fanya."

Ketaki aliingia, akazunguka chumba chote, akabonyeza vitufe pembe kwa pembe, akatazama hata chini ya meza. Hakuna mtu. Mlango mzito ukafunga, taa nyekundu ikawaka. Roboti iliinua kijiti chake cha kwanza, ikakisimamisha mbele ya mwali, na Vimal Tai akasema, "Haya, Mungu yupo," akabonyeza.

Picha ikaja. Nukta nyeusi, mia, mia mbili, zimejaa mpaka kingoni, zimekaribiana, safi. Kompyuta ikahesabu. Namba zikatoka, na hazikuwa namba za yai wala za kitu chochote kilichowahi kupimwa. Saa ilikuwa sita na dakika thelathini na moja.

"Yako hiyo," Vimal Tai alinong'ona. "Mwanangu, hiyo ni yako peke yako duniani kote."

Furaha ilimpasuka Ketaki kifuani. Akageuka upesi, macho yanacheka, mdomo umeshafunguka, kumwambia Nachiket.

Kiti chake kilikuwa kitupu. Miaka miwili, kila jema lilipomfika, ndiko alikogeukia, na shingo ilikuwa haijapata habari. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ketaki aliziba mdomo kwa mikono miwili, akakimbilia kwenye sinki, na jalebi yote ya asubuhi ikatoka, chachu na tamu, mpaka machozi yakamtoka nayo.

"Ketu?" simu iliita mezani. "Ketu, kuna nini?"

Alifungua maji. Aliosha mdomo, akaosha mikono mpaka viwikoni, akavua pete kwa povu la sabuni, akaosha na pale ilipokuwa imekaa.

"Hakuna kitu, Baba," alisema akirudi kitini. "Tai, weka ya pili."